Mkalimani wa Docteur Marcellin

Kuna watu wakiingia nyumbani hata kuku wanajua. Domitille hakuwa mmoja wao. Alikuwa na diploma ya biolojia kutoka chuo cha ualimu na alifundisha katika shule moja ya wasichana pale Ibanda, ambako wanafunzi wa mstari wa nyuma walizoea kumwomba, "Citoyenne, paza sauti kidogo." Kwenye karatasi za serikali aliitwa citoyenne M'Lubala, yaani raia M'Lubala, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Lakini nyumbani kwao Kadutu aliitwa Domitille tu, hata siku katibu wa chama alipopita kunywa kasiksi, pombe ya ndizi.

Jumamosi, watu wakishamaliza salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na kuosha majembe, alikwenda kwenye dispansari ya parokia kumsaidia Docteur Marcellin. Daktari huyu alizaliwa na kukulia Kinshasa. Alijua Kifaransa na Kilingala, lakini wagonjwa wake wengi walishuka kutoka vilimani na lugha yao ya Mashi tupu. Domitille alikaa katikati akigeuza maneno. Hapo, ajabu, sauti yake ilitoka safi kama ya mtangazaji wa redio. Maneno hayakuwa yake, basi hakuyaonea haya.

Mwaka ule kitivo cha udaktari cha Kinshasa kilitangaza kuwa kitapokea wachache waliokwisha kupata diploma ya sayansi. Domitille alikuwa na kila karatasi isipokuwa moja: barua ya daktari aliyemwona kazini na anayeweza kumtolea ushuhuda. Shangazi yake angepanda ndege ya Kinshasa Jumatatu moja ya mwezi ule. Bahasha ingesafiri mkobani mwake au isingesafiri kabisa, kwani posta ya wakati ule kila mtu aliijua.

Basi Jumamosi moja, siku tisa kabla ya safari hiyo, mgonjwa wa mwisho alipotoka, Domitille aliitoa sentensi ya kuomba barua aliyoifanyia mazoezi njia nzima. Docteur Marcellin alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti.

"Ningependa kukuandikia," alisema. "Lakini niandike nini? Umekaa kando yangu karibu miaka miwili, nami sijasikia neno lako hata moja. Nimesikia ya wagonjwa. Yangu nimeyasikia yakienda kwa Mashi. Wale wa Kinshasa watauliza, huyu anafikiri vipi? Niwajibu kwamba anatafsiri vizuri?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Njoo Jumamosi ijayo," aliongeza. "Nione kama humo ndani kuna mtu."

Nyumbani, Tonton Anaclet, mdogo wa mama yake, aliruka kitini aliposikia. Huyu alijivunia kujuana na wakubwa.

"Docteur ni nani? Mutu wa kupima mikojo! Mi nitakuletea barua ya mukubwa, iko na mihuri mbili."

Alhamisi akaileta kweli, akaisoma akiwa amesimama. Barua ilishuhudia kwamba citoyenne M'Lubala ni mwanachama shupavu, na kwamba siku za animation, vikundi vinapocheza ngoma kumsifu Kiongozi, yeye hutikisa kiuno kuliko wenzake wa zone nzima. Mama alicheka mpaka akaweka chini ungo wa maharagwe.

"Tonton," alisema Domitille, "mimi sijawahi kucheza animation."

"Kinshasa itajua aje? Bataomba ucheze?"

"Na kama bakiomba?" aliuliza mama.

Tonton alimtazama mpwa wake toka kichwani hadi miguuni, alivyojikunja na kitabu chake, akaikunja barua na kuirudisha mfukoni.

Jumamosi ikafika. Wa tatu kuingia alikuwa Mama Colette, mkulima wa Mumosho aliyepewa vidonge vyekundu vya kuongeza damu mwezi uliopita. Daktari alimvuta kope, akatazama, akatikisa kichwa. Ndani kulikuwa kweupe kama zamani.

"Muulize kama vidonge amemaliza."

Domitille akauliza. "Vyote vimekwisha, docteur."

Docteur Marcellin alishusha pumzi, akavuta kalamu. "Basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Mwambie atalazwa hospitali kuu, wiki moja au zaidi, wamchunguze."

Domitille alifungua mdomo ageuze maneno, yakagoma kutoka. Kwao, kitu chochote kinacholetwa kutoka nje hufunguliwa mbele ya watu wote wa nyumba. Hata pipi moja mama yake aliimega kwa meno ili kila mtoto apate. Sasa huyu mama wa Mumosho alifika nyumbani na mfuko mzima wa vidonge.

"Docteur," alisema.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Ni mimi."

Kalamu ikasimama. Domitille aliona haya, lakini alikuwa ameshaanza. "Tusimpeleke bado. Naomba nimuulize swali langu."

Daktari akaonyesha kwa mkono: uliza.

"Mama Colette, ile dawa, nani mwingine aliinywa?"

Mama Colette alimkodolea macho kana kwamba ameulizwa kama huwa anasalimia watu. "Weye! Munganga ananipa kitu, nifike kwangu nifiche? Muzee wangu alipata, batoto balipata, mama-mukwe alipata. Na majirani ya kilima muzima, balikuja kuniona. Ningekula peke yangu kama mulozi?"

"Na wewe ulipata vingapi?"

"Viwili. Bengine kimoja kimoja, juu mi njo mugonjwa."

Domitille alipoyageuza kwa Kifaransa, Docteur Marcellin alifumba macho, na mabega yake yakaanza kutikisika. "Muulize, na mbuzi je?"

"Mbuzi alikataa," alijibu Mama Colette bila kucheka.

Daktari alipofuta machozi, hakumgeukia mgonjwa. Alimgeukia Domitille. "Haya, citoyenne. Tufanye nini?"

"Tumpe vingine. Lakini mumewe aje asikie kwa masikio yake kwamba ni vya mtu mmoja, ili mama asionekane mchoyo. Na tuwaulize wagonjwa wote hivyo hivyo. Hata wale uliowapeleka hospitali mwezi uliopita, docteur."

"Nilitaka neno moja," alisema daktari akijikuna kichwa, "kumbe umekuja na gunia."

Mama Colette aliahidi kuja na mumewe siku ya soko, akaenda zake. Hapo Domitille alipaswa kuita mwingine, maana benchi la nje lilikuwa limejaa. Hakuita.

"Docteur, shangazi yangu anapanda ndege keshokutwa."

"Ndiyo?"

"Barua."

"Nikimaliza wagonjwa."

"Wagonjwa hawaishi kuja, docteur."

Docteur Marcellin alisogeza pembeni mafaili, akachukua karatasi safi. Alianza kuandika haraka, kama mtu aliyekwisha kujua la kusema.

Nje, mzee mmoja aligonga mlango kwa fimbo yake. Kwani munganga amelala? Tangu asubuhi watu wanakaushwa na jua kama mihogo!

Domitille alifungua mlango, akasimama kizingitini, na kwa Mashi, kwa sauti iliyofika mpaka getini, akasema:

"Mungojee kidogo, baba. Munganga anaandika mambo yangu."