Machela Haiwekwi Chini

Saa moja asubuhi. Umande bado uko juu ya majani ya migomba, na karani Mutalemwa amelala chali ndani ya machela, viatu vyake vyeusi vimetokeza nje. Wanaume wanne wanainama, wanaipachika miti yake mabegani, wanasimama kwa pamoja. Machela inalia kama kapu jipya.

"Nishusheni kidogo nivue koti," anasema karani.

"Mgonjwa gani anavua koti?" anajibu mmoja wa wale wawili wa mbele. "Tulia, karani. Leo wewe ni mama mjamzito."

Wabebaji wanacheka. Karani hacheki. Mbele yao kuna mlima wa kupandia Kamachumu, na njia yake mnaijua: mawe, mifereji ya mvua, tena mawe.

Aliyemjibu ni Ildefons Rugaibula, mkulima wa kijiji kimoja cha upande wa Muleba, chini ya mlima huo. Kibanja chake ni kidogo. Kahawa yake haizidi magunia matatu kwa mwaka. Umri wake umepita hamsini, na bega lake la kulia lina sugu nene kama kisigino. Sugu hiyo hakuipata kwa kahawa. Ameipata kwa kubeba wagonjwa hadi hospitali ya misheni iliyo huko juu, tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu. Kwa kazi hiyo hajalipwa hata senti moja, wala hajadai.

"Jiwe!" anaita Rugaibula.

"Nimeliona!" wanaitikia wa nyuma.

"Mfereji!"

"Nimeuona!"

Ndivyo wanavyokwenda. Wa nyuma haoni anapokanyaga, kwa sababu machela imemziba macho, kwa hiyo wa mbele ndiye macho yake. Mmoja akichoka, mwenzake anaingiza bega chini ya mti kwanza, ndipo aliyechoka anatoka. Safari haisimami. Na machela, ambayo wazee wa hapa huiita engozi, haigusi ardhi mpaka mlangoni mwa hospitali.

Katikati ya mlima uso wa karani umekuwa wa kijivu. Ameshika kingo za machela kwa mikono yote miwili.

"Tata," anasema kwa sauti ndogo, kama anayemwita baba yake, "kila mnapojikwaa ninyi, ninayeumia ni mimi."

"Ehe," anasema Rugaibula. "Sasa unaanza kuwa mwanachama."

Karani Mutalemwa aliingia katika Chama cha Msaada wa Wagonjwa mwaka jana, pamoja na vijana wengine wenye kazi za kalamu na biashara. Kabla yao chama hakikuwa na jina. Kulikuwa na machela moja iliyofumwa na Rugaibula, na desturi ambayo kila mtu wa huku anaijua: mgonjwa akipita njiani, unatua mzigo wako, unatoa bega. Huulizi ukoo wake. Huulizi kama anasali kwa Walutheri au kwa Wakatoliki. Unabeba mpaka utakapopokewa, kisha unarudi kuchukua mzigo wako, na utaukuta.

Vijana walileta mwenyekiti, bendera, mashati meupe na beji ya kushonwa kifuani. Hakuna ubaya katika shati safi. Ubaya ni kwamba tangu siku hiyo kila anayetaka kujiunga huuliza shati lake litakuwa tayari lini. Hakuna anayeuliza mlima ni mrefu kiasi gani.

"Mtu alinijia hapa," anasema Immakulata, mke wa Rugaibula, akimenya ndizi mlangoni. "Akasema, mama, nataka kuingia chama. Nikamwambia, vizuri, kuna bibi mgonjwa kule bondeni, nenda ukasaidie. Akasema, beji bado sijapewa! Waitu, nilicheka mpaka kisu kikaanguka."

Anarudia kumenya. Kisha anaongeza, bila kumtazama mumewe: "Na huyu naye anabeba wake za watu wote. Mimi hajanibeba hata siku moja."

"Ugua kwanza," anasema Rugaibula.

Kicheko hicho hakidumu nyumbani kwao siku hizi. Jumamosi hii wanachama wanakutana kuamua kama Rugaibula afukuzwe. Akifukuzwa, machela aliyoifuma kwa mikono yake itabaki mali ya chama, naye hataruhusiwa kuishika tena. Kosa lake, kwa maneno ya mwenyekiti, ni kuvunja heshima ya chama mbele ya mgeni. Wasomaji na waamue wenyewe.

Masika yaliyopita, Jovita, mke wa kijana anayevua samaki kisiwani Goziba, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa huko ziwani. Uchungu ulikawia, mtoto hakutoka, wakunga wakasema apelekwe juu. Rugaibula akaleta machela. Vijana wa chama nao wakaja mbio, na kwa kweli walibeba vizuri mpaka walipofika njia panda, pale ambapo njia ya kijiji inakutana na barabara ya magari.

Hapo walimkuta mwenyekiti wao, Josia Kaijage, mnunuzi wa kahawa. Alikuwa amepanga viti na meza yenye kitambaa. Bendera ilikuwa imesimamishwa. Siku hiyo ofisa mmoja wa Boma alikuwa anapita kutoka Bukoba pamoja na mkewe, na Kaijage alikuwa na tumaini la kumwomba mabati ya nyumba ya chama.

"Wekeni chini," Kaijage aliwaambia vijana. "Mgeni anafika sasa hivi. Aone kazi yetu kwa macho yake."

Rugaibula hakuwa chini ya mti wakati huo. Alikuwa ametoka zamu, anakuja nyuma na kibuyu cha maji. Walioshika machela walikuwa vijana wanne wenye mashati meupe, na mmoja wao alikuwa karani Mutalemwa. Waliiweka chini.

"Niliona viatu," anasema Jovita. "Nikiwa pale chini sikuona sura ya mtu, niliona viatu tu. Nilisikia mtu anauliza kiti cha mama mgeni kikae upande gani, ili jua lisimpate. Mimi jua lilikuwa machoni."

Rugaibula alipofika alidhani mgonjwa amekufa. Kwa desturi ya huku hakuna sababu nyingine ya machela kulala njiani. Alipoona Jovita bado anapumua, akawaambia vijana waiinue. Vijana wakamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema kidogo tu, vumbi la gari linaonekana kule. Halikuwa vumbi la gari. Wakangoja tena. Kwa muda ule sufuria ya ndizi ingeiva, ikaliwa, ikaoshwa.

"Nilimwomba," anasema Rugaibula. "Mimi mtu mzima nilimwomba Josia, ambaye nilimbeba mama yake mzazi katika machela hiyo hiyo. Akaniambia, mzee, usitutie aibu."

Ndipo Rugaibula aliposimama katikati ya barabara na kupiga yowe. Walikuwa wanapita watu wa sokoni: mwanamume mwenye mikungu kwenye baiskeli, mwingine na mbuzi, na muuza chumvi mmoja Mwislamu kutoka Rwamishenye ambaye hakujua mtu yeyote pale. Wote walitua mizigo yao. Baiskeli ililazwa, mbuzi akafungwa kwenye mti wa bendera. Hawakuuliza neno. Mwenyekiti alishika mti wa machela kuwazuia, na Rugaibula akautoa mkono wake, kidole kimoja kimoja. Wakapanda mlima.

Mgeni alipofika alikuta viti, vijana wenye aibu, na mbuzi.

Jovita alipona. Mtoto wake, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa. Muuguzi hakusema kwamba kule kungoja ndiko kulikomuua. Hakusema pia kwamba siko.

Mwenyekiti Kaijage hafichi mambo. Alipoulizwa alijibu kwa utulivu, akiwa amesimama mbele ya magunia yake ya kahawa.

"Rugaibula anafikiri bega linatosha," alisema. "Bila nyumba chama kitakufa. Bila wakubwa hatupati nyumba. Yeye anamwona mgonjwa mmoja. Mimi nawaona wagonjwa wa miaka ijayo."

Wagonjwa wa miaka ijayo hawakuwapo njia panda siku ile. Jovita alikuwapo.

Na ni aibu gani hasa ambayo chama kiliipata? Aibu ya kuonekana kinambeba mgonjwa haraka? Ikiwa chama cha msaada kinahitaji mgonjwa angoje ili kionekane kinasaidia, basi mgonjwa ndiye anayekisaidia chama. Watu wanaotaka kuingia katika vyama vya namna hii, hapa Muleba au mjini Bukoba, wajiulize hilo kabla ya kupimwa shati.

Rugaibula hakwenda Boma kushtaki, wala hakumtukana mtu. Alirudi nyumbani na machela, akaitundika ukutani, akatangaza sharti moja: hakuna mwanachama mpya atakayeishika kabla hajalala ndani yake na kupandishwa mlima, kutoka chini mpaka juu.

Vijana wengine walicheka, wengine walikasirika. Karani Mutalemwa alikuja siku ya tatu, peke yake, bila beji.

Sasa amefikishwa juu. Wanamshusha mbele ya ua wa hospitali. Anasimama, anayumba, anamshika Rugaibula begani, juu ya sugu ile.

"Karani," anasema Rugaibula, "pale njia panda, ungependa tukutue kidogo, tumngoje mgeni?"

Machozi yanamtoka Mutalemwa mbele ya wanaume. Hakuna anayemcheka.

"Sikujua, tata," anasema.

"Ndiyo maana umelala humo. Mtu hajui kwa kuambiwa. Haya, sasa shika mti. Kurudi ni zamu yako."

Tangu asubuhi ile wanachama wapya karibu wote wamepandishwa. Mmoja alitapika. Mwingine, mnene, aliwaomba radhi wabebaji njia nzima. Na juzi Mutalemwa alimwendea mwenyekiti dukani akamwambia kwa niaba ya wenzake kwamba hawatainua mkono kumfukuza mtu yeyote Jumamosi mpaka yeye mwenyekiti naye alale ndani ya machela. Kaijage alizungusha maneno, akasema ana mgongo mbaya, akasema basi, lakini si mbele ya watu. Jana amekubali. Atalala Jumamosi asubuhi kabla ya mkutano.

Rugaibula mwenyewe ndiye aliyempelekea Jovita habari hiyo. Alimkuta anatandika majani mabichi ya rweya, ile nyika ya nyasi, sakafuni, nyumba nzima inanukia. Mumewe bado yuko Goziba. Jovita alimkaribisha kwa kupiga magoti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Tata," alisema, "mkifika njia panda, mwekeni chini."

Rugaibula alivuta kigoda, akakaa.

"Mwekeni palepale. Jua limpige machoni. Aone viatu vya watu. Angoje kama nilivyongoja mimi, halafu ndipo mumwinue."

"Hapana, mwanangu."

"Kwa nini? Si yeye aliyeniweka mimi?"

"Ni yeye. Lakini machela haiwekwi chini. Hata yeye hatumweki."

Jovita aliendelea kutandaza majani, kwa nguvu, kana kwamba sakafu ndiyo iliyomkosea. Rugaibula anasema amefikiri kufuma machela ya pili, iwekwe kule Ngenge ambako watu bado wanabebwa kwa mlango wa matete, na kwamba ataifuma hata akifukuzwa, maana matete hayaulizi beji. Hilo ndilo tumaini lake. Aliinuka kuaga.

"Wanawake hawabebi," alisema Jovita.

"Hawabebi."

"Kuita mawe je? Kuna aliyekataza?"

Mzee akafikiri. Hapakuwa na aliyekataza.

"Basi Jumamosi nitatangulia mbele," Jovita alisema. "Nitaita kila jiwe na kila mfereji. Nataka Josia aisikie sauti yangu mpaka juu."