Isale Kwenye Kioo

Simu ya Baba ilitetemeka ndani ya koti lake, akanipa niifungue, maana miwani yake huwa haipo pale inapotakiwa. Ilikuwa picha kutoka kwa Baba Mdogo: jani moja bichi la isale, limepigwa fundo, limelazwa juu ya meza. Nikasikia harufu ya ndizi mbichi zikimenywa, ingawa jikoni hakukuwa na mtu.

Niwaeleze kwanza nyie msiotoka kwetu. Isale ni ule mmea tunaoupanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake mkononi kuomba radhi, kumkatalia huwezi, hata kama roho inakuuma.

Basi turudi Masama, kijijini kwetu, Krismasi moja ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Baba Mdogo alikuwa amepanda kutoka Dar, alikofanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Krismasi iliyotangulia alitaka kuuza kipande cha kihamba, Baba akakataa, naye akamwita kaka yake mshamba mbele ya wageni. Tangu hapo walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu, sisi watoto tumemzunguka Baba Mdogo. Alikuwa anatuhadithia intaneti. Waya utaingia mpaka ndani, alisema, utaleta sinema unayoitaka saa unayoitaka. Utamuuliza swali mwalimu aliyeko Ulaya na atakujibu. Utachagua viatu ukiwa umelala kitandani. Kwetu hata runinga hatukuwa nayo, ila mimi nilishaanza kuchagua. Vyekundu, vyenye kisigino. Baba, aliyekuwa anachuna mbuzi pembeni, alisema tu kwamba tungeanza na umeme.

Bibi akauliza bila kuinua macho, "Na isale, huo waya utaleta?"

Tulicheka. Bibi naye bwana, sisi tuko kwenye viatu, yeye anawaza majani. Baba Mdogo alicheka pia, kidogo.

"Hata isale, Mama. Utaiona kwenye kioo."

"Kuiona naiona, mwanangu. Si ile pale mpakani."

Kisu cha Baba kilisimama. Mpaka ulikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi Baba Mdogo. Alitazama viatu vyake, kisha akaendelea na habari za waya. Kesho yake alishuka Moshi kupanda basi, na Krismasi zilizofuata hakuonekana. Alikuja kumzika Bibi, akaondoka jioni ileile.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakuwa anauliza habari za waya hata kidogo. Alikuwa anamsihi mwanawe ainuke. Inaniuma mpaka leo, maana alimbembeleza mbele yetu sote na hakuna aliyemsaidia.

Utabiri wa Baba Mdogo umetimia wote. Hata viatu vyekundu nilivinunua nikiwa kitandani, vikanibana. Baba aliitazama ile picha mpaka kioo kikazima, akanitaka nikiwashe tena.

"Mwambie nimeliona," alisema.

Nikaandika. Kabla sijatuma akanishika mkono.

"Ongeza hapo. Muulize analileta lini."