Saa Nzima Mama Alimngoja Kaka

Mama alipoambiwa kansa ya kongosho imeshafika kwenye ini, aliuliza swali moja tu: maumivu yatakuwa makali kiasi gani? Alikuwa mwalimu mstaafu, hakupenda kuzungushwa. Sheria ya Kanada inamruhusu mtu mzima mwenye ugonjwa usiopona kuomba daktari amsaidie kufa, na Mama aliomba. Madaktari wawili walikuja kwenye fleti yetu ya Downsview, kila mmoja kwa siku yake. Walinitoa nje, wakamhoji kupitia mkalimani kama kuna mtu anayemshinikiza. Wote aliwajibu kwamba hakuna.

Kaka yangu anaishi Markham, mwendo wa nusu saa kwa gari. Miezi mitatu hakuja. Nilipompigia kumtajia siku Mama aliyopangiwa na daktari, alisema hatashiriki mauaji.

Siku hiyo daktari alifika saa nane mchana. Mama alimwomba asubiri kidogo, mwanawe yuko njiani. Nilimkalisha Mama, nikamfunga kitenge chake cha kijani, naye akawa anautazama mlango. Ilipotimia saa tisa aliomba simu yangu, akajirekodi, akaniagiza nimsikilizishe Kaka tukiwa wawili tu. Alikufa nimemshika mkono.

Kwenye ibada ya mazishi Kaka alishika kipaza sauti, maana ndiye mkubwa, akasema Mama ameharakishwa na waliochoka kumuuguza. Kinamama niliosali nao miaka yote wakaacha kunisalimia.

Nikangoja arobaini. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanakula pilau. Nilisimama, nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

“Mwanangu, nimekungoja,” ilisema sauti ya Mama. “Uamuzi ni wangu, hakuna aliyenilazimisha. Wewe uliogopa kuniona nilivyo. Usimsingizie Mungu.”

Nikazima hapo. Kaka aliweka sahani chini, akatoka bila koti, na nje theluji ilikuwa inaanguka. Nilirudi kukaa nikala, na sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Majuma kadhaa baadaye alinipigia. Sauti ilikuwa imemkauka.

“Hakusema kitu kingine?”

“Hakusema.”

Alisema. Mama alisema amemsamehe, akamwita kwa jina la utotoni ambalo watu wote wamelisahau. Maneno hayo ninayo mimi. Siku nikijisikia kumpa, nitampa. Bado sijajisikia.