Madabodi Kutoka Nakonde

Mwezi wa saba mwaka 2008 nilimpoteza mume wangu. Kabla mwezi wa nane haujaisha nikapoteza na kompyuta yake, na kwa hiyo ya pili simlaumu Mungu.

Tulikuwa tumepanga chumba cha ofisi Tunduma, karibu na foleni ya malori, tukichapa barua, mikataba ya kuuziana viwanja na karatasi za mizigo inayovuka. Yeye alifundishwa kazi na fundi mmoja. Mimi niliishia darasa la saba, nikafundishwa naye. Kompyuta hakuinunua nzima. Kasha alilipata mnadani, skrini aliuziwa na mtu aliyekuwa anahama, na madabodi aliifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaja nayo kaifunga kwenye kitenge changu kama mtoto mchanga.

Madabodi ni ule ubao mpana wa kijani uliomo ndani ya kasha. Kila kitu kimechomekwa hapo. Siku aliyoifunga ndani ya kasha aliniweka kwenye stuli, akanishikisha tochi.

"Tazama, mama. Ubongo unakaa hapa chini ya feni. Ramu inasimama hapa. Kabetri haka ndiko kanakokumbuka saa umeme ukikatika."

"Na umeme wa hapa unavyokatika, kana kazi."

"Kana kazi kuliko mimi na wewe."

Nyuma ya kasha yalitokeza matundu ya ubao huo: la zambarau la kibodi, la kijani la kipanya, la bluu la skrini, na moja refu la waridi, la printa. Hilo refu ndilo alilolizungukia Nakonde mchana kutwa. Printa yetu ilikuwa ya zamani, ya kugonga utepe, yenye kelele kama mashine ya kusaga. Lakini iligonga nakala kadhaa kwa mpigo mmoja, na madereva walilitaka hilo. Madabodi mpya zilikuwa zimeanza kuja bila tundu la namna ile. Mume wangu alisema tukiitunza hii, tutakula. Kila Jumamosi aliifungua akaipiga brashi, maana vumbi la malori liliingia hata kwenye sukari.

Kwetu msiba ukiisha, ukoo hukaa kugawa vitu vya marehemu. Desturi hiyo niliikuta, na sikuwahi kuipinga. Walikuja shemeji zangu wawili, mkubwa kutoka Hasamba na mdogo kutoka Msangano, na wifi yangu kutoka Iyula. Walipomaliza makoti, viatu na baiskeli, shemeji mkubwa akasema kompyuta nayo iletwe. Ikang'olewa ofisini, ikawekwa mkekani, nyaya zinaburuta.

"Hicho ni kitu kimoja," nilisema. "Mkikitenganisha hakifanyi kazi."

"Kimoja vipi, shemeji, na mimi hapa naona vinne?"

Wifi akadakia, "Hata ng'ombe ni mmoja mpaka achinjwe."

Watu wakacheka. Lilikuwa neno zuri, na mimi pia ningecheka kama ng'ombe angekuwa wa mtu mwingine.

Shemeji mkubwa akachukua skrini, apate kutazama taarifa ya habari, ingawa kwake umeme ulikuwa haujafika. Wifi akachukua kibodi kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa sekondari. Shemeji mdogo, ambaye alikaa miaka mingi machimboni, akainua kasha, akalipima kwa mikono kama mtu apimaye jiwe, akasema hilo linamtosha. Nikabakishiwa printa.

"Mjane naye asitoke mikono mitupu," alisema shemeji mkubwa. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba yangu.

Skrini na kibodi ningeweza kuazima kwa watu. Kasha sikuweza. Nilimwendea fundi aliyemfundisha mume wangu, nikamuuliza kama naweza kupata lingine.

"Makasha yapo, mama. Ila ya siku hizi yana vitundu hivi bapa tu. Printa yako haitasikilizana nayo."

"Hakuna waya wa kuunganisha?"

"Labda Dar. Na ukiupata, bado inaweza kugoma."

Mwenye nyumba ya ofisi alikuwa amenivumilia kodi hadi mwisho wa mwezi. Kasha lile lisiporudi, ofisi imefungwa, na kazi nyingine sikuwa nayo. Kitu changu mwenyewe, ambacho ukoo haukukigusa kwa sababu nilitoka nacho kwa wazazi wangu, kilikuwa charahani. Nikaipakia kwenye gari lililokuwa linakwenda mnada wa ng'ombe, nikashuka nayo Msangano nikabadilishane na shemeji.

Mke wake ndiye aliyenipokea.

"Karibu, dada. Pita nyuma ukamsalimie mchimbaji wetu. Sufuria yangu ya ugali imeshakwenda."

Nilimkuta kainamia jiko la mkaa. Moshi wake ulikuwa na harufu ambayo sijapata kuisikia kwenye kitu kingine. Vipande vya kijani vilikuwa vimetandazwa kwenye ungo. Lile tundu refu la waridi lilikuwa limeyeyuka, limeshikana na mkaa.

"Unachoma nini, shemeji?"

"Nachenjua. Jamaa wa machimboni waliniambia humu kuna dhahabu. Si unaona haya meno yanavyong'aa?"

"Hiyo imepakwa juu tu. Mume wangu aliniambia."

"Kaka alikalia dhahabu miaka yote, anachapa barua! Nyie watu wa ofisi hamna macho."

"Umepata ngapi?"

Alikoroga sufuria kwa kijiti. Ndani mlikuwa na majivu na kitu kama uji mweusi. Nilikuwa na maneno mengi tangu mkekani, niliyapanga njia nzima. Nilichosema ni, "Pole na kazi."

"Ahsante. Kasha lenyewe lile pale, ukilitaka chukua. Mimi nilifuata cha ndani." Kisha akaona mzigo wangu. "Na charahani hiyo unampelekea nani?"

"Nilikuletea wewe. Tubadilishane, unirudishie kompyuta."

Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akarudi ndani.

"Ungekuja juzi, shemeji," alisema mumewe.

Nilirudi na gari lilelile, charahani ikiwa kati ya miguu yangu, na kasha sikulichukua. Mwisho wa mwezi nilifagia chumba, nikampelekea mwenye nyumba ufunguo. Aliniuliza kama meza namwachia. Nikamwambia namwachia. Kesho yake nilipopita, magunia ya mchele yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa dirisha.