Asmini Nilizompelekea Bibi Akiwa Edani

Haya sijapata kumwambia mtu yeyote, hata dada yangu ambaye arusi ilikuwa yake. Naomba mfiche jina langu na la skuli yangu. Nina miaka kumi na saba, naishi Ibra, huku Uarabuni, na nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu ya Bibi, mama yake Baba, aliyezaliwa Unguja. Mimi si msemaji. Wageni wakija najificha nyuma ya kitabu. Lakini nina daftari ninalochora meza za arusi: kitambaa rangi gani, katikati pakae nini, maua gani mwezi gani. Dada alipochumbiwa aliniambia, "Meza zote nane ni zako. Usiniwekee maua ya plastiki tu, nitakukana mbele ya watu."

Babu alifariki miezi miwili kabla ya arusi. Alikuwa ameusia siku isisogezwe, basi haikusogezwa, ila ngoma tuliziacha. Bibi akaingia eda. Mnajua mjane akiwa edani hatoki, hajipambi, wala hajitii manukato mpaka miezi minne na siku kumi zitimie.

Arusi ilikuwa mwezi wa tano. Mawaridi ya mlima wa Jabal Akhdar yalikwisha kupita, nami nilikuwa nimejiapia kutumia maua ya msimu tu. Uani kwetu msimu ule kulikuwa na asmini na mrehani. Nikapanga kila meza iwe na sinia ya shaba, katikati bakuli la maji na asmini zikielea, na kuzunguka bakuli vikuba, vishada vya asmini na mrehani, kila mgeni achukue chake abane kifuani. Asmini huchumwa baada ya Alasiri zikiwa bado zimefumba, zikafungwa upesi pamoja na mrehani kabla hazijafunguka. Nilijaribu mimi na binamu zangu. Vyangu vilifumuka kabla sijaviweka chini. Nyumba nzima aliyejua kufunga alikuwa mtu mmoja.

Nikabeba ungo wa asmini mpaka chumbani kwa Bibi.

"Mwanangu, mie nimo edani," alisema. "Asmini haziingii humu."

"Bibi, utafunga tu, hutovaa. Nimesoma, kilichokatazwa ni kujitia mwenyewe."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu yako imevaa kilemba?"

Akacheka. Tangu Babu afe nilikuwa sijamsikia akicheka. Nilipaswa kugeuka na ungo wangu nirudi nao. Badala yake nilimbembeleza, nikasema arusi ya Dada itaharibika, nikauweka mwenyewe ungo mapajani mwake. Akavitazama vile vitumba, kisha akaomba uzi. Alifunga upesi kuliko nilivyoweza kumkatia nyuzi, huku akinihadithia walivyokuwa wakishindana Unguja, yeye na nduguze, nani atafunga kikuba kisichotikisika bibi arusi akicheka.

Nilitoka kupeleka masinia garini. Niliporudi, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi ni binti wa Babu kwa mke wake wa kwanza. Alikuwa amefika kutoka Sinaw, akapita kumwamkia Bibi kabla ya kwenda ukumbini.

"Subhanallah! Asmini?" alisema. "Baba yangu hajatimiza hata miezi mitatu kaburini, na wewe unanukia kama ndiye unayeolewa?"

Bibi alinitazama juu ya bega la Shangazi. Nilifungua mdomo. Kisha nikainama kuokota nyuzi sakafuni. Bibi akaangusha macho, akasema, "Nimetaka mwenyewe. Roho ilitamani harufu."

Ukumbini meza zilisifiwa. "Mashallah, nani kapamba?" Nilisimama kando, uso unaniwaka. Kisha nikamuona Shangazi anapita meza kwa meza, anainama, ananong'ona. Wanawake wakaanza kuvitoa vikuba vifuani, mmoja mmoja, wanavirudisha kwenye sinia. Mmoja alisema karibu yangu, "Mkono wa mjane huo, nuksi, na mtoto wa watu ndiyo kwanza anaolewa." Nami nikajitia kunyoosha kitambaa cha meza.

Tuliporudi nyumbani Mama alimuuliza Bibi, naye akajibu lile lile. Baba akamwambia mama yake mzazi, "Umetuaibisha." Lakini kinachoniumiza zaidi ni hiki: Bibi ameamini eda yake imeharibika, na ameanza kuhesabu upya tangu siku ya arusi. Ana dada yake mgonjwa huko Sur, waliahidiana aende akitoka edani tu. Sasa hataki. Nilimwambia nimesoma kwamba eda haianzwi upya kwa jambo kama lile. Akasema taratibu, "Uliyosoma yametosha, mwanangu."

Hajanilaumu hata kwa jicho. Bado ananiita mwanangu.

Nyinyi mliowahi kumwacha mtu mzima abebe kosa lenu, mlianza na neno gani? Nimwendee nani kwanza, Bibi aliyenisitiri au wale waliomhukumu? Nielekezeni, wallahi nafsi yangu imeshindwa.

Mpaka hapo niliandika jana, sikutuma. Leo nimerudi kutoka skuli, hata ushungi sijavua, nikampigia Shangazi. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikayasoma: kwamba asmini nilizileta mimi, Bibi alikataa, nikamng'ang'ania, akasema uongo kunisitiri. Nikaongeza kwamba anahesabu eda upya, na Baba akirudi kazini nitamwambia yote haya, nimuombe amuulize mtu wa elimu.

"Bibi yako yuko wapi?" Shangazi aliuliza.

"Chumbani kwake."

"Mpe simu."

Nikaingia, nikamwambia Bibi ni Shangazi na anajua kila kitu. Nikamtia simu mkononi, kisha nikakaa chini karibu na miguu yake. Sikutoka.