Bwana Ramani na Njia Isiyo na Rivasi

Mtaani walimwita Bwana Ramani, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa kinyozi, na kwa miaka mingi alinyoa vichwa vya watu huku akiwasimulia safari ambayo hajawahi kuifanya. Mteja akishakaa kitini na kufungwa kitambaa shingoni, hana pa kukimbilia tena: tutavuka daraja hapa, tutalala pale kando ya ziwa, asubuhi tunaanza kupanda milima. Wapo waliodai kwamba safari ikifika kwenye kona kali, hata mashine ya kunyolea ilikata kona.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeolewa mbali sana. Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, alimwona mdogo wake mara ya mwisho mdogo huyo alipojifungua kitindamimba wake. Sasa kitindamimba huyo alikuwa ameota ndevu.

Hatimaye kinyozi akanunua karavani kuukuu, kijumba cha magurudumu cha kufunga nyuma ya gari, ambamo zamani walilala wahandisi wa barabara. Akakipaka rangi ya krimu, mkewe akakishonea mapazia. Vitanda viwili, jiko la gesi, sinki la kunawia uso. Kilichobaki ni kuondoka tu.

Badala ya kuondoka, akaanza kupanga njia. Ramani ikatawala meza ya kulia, familia ikala sahani zikiwa mapajani. Kila jioni alichora kwa penseli, akafuta, akachora tena. Akiulizwa lini, jibu lilikuwa lile lile: bado kidogo.

Siku moja mkewe akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akainama juu ya ramani.

"Mbona hapa umeiacha barabara kuu?"

"Kituo cha mafuta cha pale ni finyu."

"Na hapa?"

"Mji ule una vichochoro vingi."

"Na huku mwisho? Mdogo wangu anakaa hapa. Wewe umeishia kule."

"Tutaegesha uwanja wa mpira, halafu tutatembea kidogo."

"Na mabegi kichwani."

Mkewe akaufuata mstari wa penseli kwa kidole, pole pole, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Baba watoto," alisema, "hii njia yote haina rivasi."

Ukweli ukawa hauna pa kujificha. "Lile dude ni kaidi," alisema mumewe. "Ukirudi nyuma ukakata usukani kushoto, lenyewe linakwenda kulia. Ukijaribu kulinyoosha, linajikunja kama mtu mwenye kichomi."

Hilo mtaa mzima ulikuwa unalijua. Siku karavani ilipofika, alijaribu kuiingiza uani kinyumenyume akaondoka na kamba ya nguo, pamoja na mashuka ya jirani. Tangu hapo ilikaa pale pale iliposimama, mlango ukiutazama ukuta, na wenyewe waliingia kwa ubavu.

Jumapili wakaenda kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha kuuzia mbao. Mke akasimama nyuma kuelekeza.

"Kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa mwenye usukani."

Karavani ikajikunja tena, na tena. Mwishowe mke akaja dirishani. "Hebu shuka kidogo."

Gari alilijua, maana ndilo alilopelekea sare mashuleni. Akaushika usukani kwa chini, kwa vidole tu, kama anayeongoza kitambaa kwenye sindano. Hakuangalia magurudumu, aliangalia pale anapotaka mkia wa kile kijumba ufike. Karavani ikasogea, ikasita, ikaingia katikati ya mafungu mawili ya mbao bila kugusa ubao.

"Umebahatisha," mumewe alisema.

Akaitoa, akaiingiza tena.

"Bahati zako ni nyingi leo."

Jioni ile ile mstari ukafutwa, ukachorwa mwingine ulionyooka mpaka mlangoni kwa mdogo mtu. Wiki hiyo hiyo wakaondoka. Mume aliendesha njia nzima, akimtajia mkewe kila mji wakati bango limeshautaja.

Kwenye kichochoro cha shemeji wakabadilishana viti. Watu wakatoka majumbani kutazama. Kinyozi akasimama nyuma, akipunga mikono kama askari wa njia panda, njoo, njoo, simama, njoo. Mkewe hakumtazama hata mara moja. Karavani ikapita getini, ikatulia ubavuni mwa nyumba. Watoto wakapiga makofi. Dada wawili wakakumbatiana, wakasahau kuachiana.

Wakati wa chai, mwanyumba wake, yaani mume wa shemeji, akampigapiga begani. "Mwanyumba, mikono yako ile ni dhahabu. Bila wewe, ukuta wangu ungekuwa hadithi."

Kinyozi akanywa funda refu, kisha jingine, kwa sababu sifa ilikuwa tamu na hakuna aliyekuwa akimpinga. Halafu akakiweka kikombe chini.

"Hapana, mwanyumba. Aliyeiingiza ni mama watoto. Mimi nilikuwa nafukuza nzi."

Mkewe, kichwa begani kwa mdogo wake, hakugeuka. "Lakini alifukuza vizuri," alisema. "Hakuingia hata mmoja."