Wimbo wa Harusi Kwenye Matangazo ya Vifo

Nauliza, na mpaka leo sijapata wa kunijibu: ni mtu wa aina gani anayesikia wimbo wa kumpokea bibi harusi, akasema moyoni, huu utawafaa maiti?

Mimi ni mwanamuziki. Hapa Juba, hilo ni jambo la kulisema kwa sauti, maana ukilisema polepole watu hudhani unatafuta kazi. Sina kampuni nyuma yangu, sina meneja, sina tajiri wa kuninunulia vyombo. Nina adungu, kinanda cha nyuzi tisa nilichojifunza kupiga kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, na nina mdogo wangu wa kiume anayepiga gitaa. Tulikuwa tunaimba kwenye harusi. Wimbo ninaouzungumzia niliutunga mwenyewe, tukaurekodi mtaa wa New Site, kwenye chumba cha mabati cha jamaa mmoja aliyekulia Nairobi. Ukutani alikuwa amebandika magodoro ili kelele za jenereta la jirani zisiingie. Ziliingia. Tukarudia, zikaingia tena, mpaka tukakaa chini kungoja jenereta liishiwe mafuta.

Wimbo wenyewe unaanza kwa adungu peke yake, kama dakika moja hivi, polepole, kwa sababu bibi harusi hakimbii. Anaingia kwa hatua ndogo, shangazi zake wakimtangulia, macho yake chini. Baada ya hapo ndipo gitaa linaingia, mimi naimba, na akina mama wanapokea kwa vigelegele. Yule jamaa wa studio alipousikia wote alicheka peke yake.

"Dada, hii ngoma ni moto," akasema. "Peleka redio, wacha mtaa isikie."

Nikapeleka. Kosa langu liko hapo, na ninalisema mimi kabla hawajalisema wao: niliupeleka kwa mikono yangu. Nilivaa gauni la kanisani, nikapanda boda kutoka kwetu Gurei mpaka mjini, vumbi lote likawa langu, nikaacha flashi mezani kwa msimamizi wa vipindi wa kituo kimoja cha redio ya umma. Alikuwa mzee wa heshima, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Akaniambia, "Asante, mwanangu. Redio hii ni ya watu wote." Nilishuka ngazi nikiimba.

Kwa wiki tatu redio haikuzimwa nyumbani kwangu. Wakapiga nyimbo za Kampala, za Kinshasa, za Lagos. Wakamhoji mtu kuhusu magonjwa ya mbuzi. Wangu hakuna. Halafu mchana mmoja, saa saba, baada ya habari, nikasikia adungu yangu. Niliacha sufuria jikoni, nikatoka uani nikipiga kelele kama mwendawazimu: njooni, njooni, ni mimi! Jirani yangu, mama mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Adjumani mwaka ule ule niliorudi mimi, akaja mbio na unga mikononi. Tukasimama pamoja mbele ya redio. Adungu ilisikika vizuri, kila uzi mahali pake. Nikangoja gitaa liingie.

Gitaa halikuingia. Iliingia sauti nzito ya mtangazaji: familia ya marehemu, wakazi wa mtaa wa Juba Na Bari, inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki.

Jirani yangu alinitazama, akajifuta unga kwenye kitenge. "Malesh," akaniambia, kama mtu anavyompa pole mfiwa.

Asiyeishi hapa hawezi kujua matangazo hayo ni nini. Huu ni mji wa watu waliotawanyika. Dada yuko Gurei, kaka yuko Nimule, mama amebaki kambini, na namba za simu hubadilika kila simu inapoibwa, yaani kila siku. Mtandao nao ukiamua kulala unalala. Kwa hiyo mtu akifa, anayewatafuta ndugu zake ni redio. Saa ile mwenye boda huzima pikipiki, mwenye duka huacha kupima sukari, na hata watu wanaogombana hunyamaza kwanza wasikie ni nani, kisha waendelee. Nami nilikuwa nikinyamaza kama wengine. Siyapingi matangazo ya vifo. Napinga wimbo wangu kufanywa kengele yake, bila mtu kuniuliza hata kwa salamu.

Haikuchukua miezi miwili. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakiisikia adungu tu, wanaacha mpira na kukimbilia kwa mama zao. Nikajiambia watu si wajinga, watatofautisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kwenye harusi iliyofuata nilikaa kwenye kiti changu, bibi harusi akatokea mlangoni, nikagusa nyuzi. Akina mama wote wakashika vichwa. Mama mzazi wa bibi harusi akakaa chini na nguo yake mpya, akauliza, "Nani? Ni nani?" Bibi mmoja akaanza kulia, na akina bibi hawalii peke yao. Mjomba wa bwana harusi akanijia amekunja ngumi.

"Wewe mama, nani nakutuma hapa?" akafoka. "Sisi iko na harusi! Hii si bika!"

Bika ni matanga. Nilifungasha adungu yangu mbele ya wageni waliovaa vizuri, kila mmoja akinipisha njia kana kwamba nina ugonjwa. Baada ya siku ile hakuna aliyenialika tena. Nilipita sokoni nikasikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Yule wa vifo." Mdogo wangu akaliweka gitaa juu ya kabati, akaenda kufanya kazi kwenye malori ya maji. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu.

Nikarudi kituoni. Safari hii sikuvaa la kanisani.

"Mwanangu, kwani hufurahi?" mzee akaniuliza, na niliona kwamba anauliza kweli. "Juba nzima hakuna wimbo unaosikilizwa kama wako. Hata wakubwa wananyamaza."

"Wananyamaza kwa sababu wamefiwa, mzee!"

"Ndiyo. Na wewe ndiye unayewanyamazisha. Kwanza tulikuwa na tarumbeta ya nje, hakuna aliyeisikia. Hii yako inamfikia mtu hata akiwa jikoni."

"Sikuwapa muifanye hivyo."

"Uliiacha mezani."

"Niliiacha ili ipigwe!"

"Inapigwa," akasema. "Mara mbili kila siku."

Nisingemheshimu kwa umri wake ningemfanyia jambo. Redio ya watu wote! Watu wote wana haki ya wimbo wangu isipokuwa mimi. Nyimbo za nje wanazitangaza mwanzo na mwisho, nani kaimba, nani kapiga; wa mwanamke wa Gurei wanaukata kichwa, wanatupa kiwiliwili. Nikaandika barua. Nikaandika nyingine. Nikakaa kwenye benchi la getini siku nne, askari wakanizoea wakawa wananigawia chai. Siku ya tano nikamwambia mzee: usipouondoa, nitakuja hapa saa saba na akina mama sita wa sokoni, tuupige wimbo mzima chini ya dirisha lako, na vigelegele vyetu viingie hewani katikati ya marehemu wako. Akavua miwani. Jumatatu iliyofuata wakauondoa.

Nieleze Jumatatu hiyo vizuri, maana ndiyo inayonikosesha usingizi. Saa saba ilinikuta kwa jirani yangu, chini ya kibanda chake cha nyasi, tunachambua majani ya kunde. Habari zikaisha. Badala ya adungu ukaja muziki wa kinanda cha umeme, mwepesi, kama wa tangazo la sabuni. Niliruka. Nilimshika jirani yangu mikono nikamwinua, nikacheza, nikaimba wimbo wangu wote, ubeti kwa ubeti, mpaka kwenye vigelegele, na yeye akavipiga. Kisha nikamsimulia upya yote aliyokwisha kuyajua: barua, benchi, miwani ilivyovuliwa. Nilimwigiza mzee, naye akacheka mpaka akajishika ubavu. Mtangazaji alikuwa akiongea nyuma yangu wakati wote huo. Sikusikia alichosema, na nilifurahi kutokusikia.

Siku nne baadaye alikuja katekista wa kanisa moja la karibu na hospitali. Alikuwa amezunguka Gurei nyumba kwa nyumba akiuliza jina la jirani yangu. Kaka yake wa tumbo moja, ambaye hawakuonana naye tangu wakimbie vita, alikuwa ameletwa Juba kutoka Kajo Keji, tumbo limemvimba. Hakuwa na namba ya dada yake. Alichojua ni kwamba yuko Gurei. Alifariki usiku wa Jumapili. Hospitali haikuwa na umeme wa kumtunza maiti, kwa hiyo katekista akakimbilia redioni: Jumatatu mchana, Jumatatu jioni, Jumanne mchana. Walimtaja marehemu, wakataja na dada yake, wakataja na Gurei. Hakutokea mtu. Jumatano wakamzika, waumini wachache na mlinzi mmoja wa hospitali.

Husemwa kilio huanzia kwa mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hiki kilianza na wa mbali, kikaisha na wa mbali.

Nilikaa na jirani yangu mkekani siku zote za bika. Watu walikuwa wakiuliza kwa nini hakuzika, naye anasema hakupata habari. Siku ya tatu, tukiwa wawili tu tunaosha vikombe, akaongea bila kunitazama.

"Sister, ile Jumatatu redio nasema. Mimi nasikia kitu kama Gurei. Lakini wewe iko nacheka, na mimi pia nacheka."

Akachukua kikombe kingine. Ningependa anitukane. Ningependa anirushie kikombe. Nilisema samahani, neno dogo kuliko yote niliyowahi kuyatamka, na yeye akaendelea kusuuza.

Nilikwenda kituoni mara ya mwisho. Nilimweleza mzee kila kitu, nikalia mbele yake, jambo nililoapa sitalifanya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akasema pia kwamba sasa nitatakiwa kuandika barua nyingine, kwa sababu ile ya kutaka wimbo uondolewe iko kwenye faili. Nikaiandika pale pale kwenye meza ile nilipoacha flashi. Niliandika mstari mmoja: rudisheni.

Wasidhani nimewasamehe. Mwizi aliyeiba blanketi akamfunika mgonjwa bado ni mwizi, na mgonjwa akipata joto si sababu ya kumshukuru. Waliweza kuniuliza. Waliweza kuja Gurei wakakaa, wakanywa chai, wakaniambia: mama, mji huu unahitaji kitu cha kuunyamazisha, tupigie. Ningetunga. Ningetunga kingine, chema kuliko hiki, na harusi zangu zingebaki zangu. Hawakuuliza kwa sababu hawakuona kuna mtu wa kuulizwa. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na nyingine ninayo juu yangu mwenyewe, na sijui ipi itakwisha kwanza.

Adungu imerudi hewani. Mchana mara nyingi niko kwa jirani yangu, na habari zikikaribia kuisha yeye haitazami redio. Ananitazama mimi. Nyuzi zinaanza, anaweka kidole mdomoni, nami nanyamaza.